Jabari wa Bahari Aliyeangushwa na Njaa

Wahenga walinena: mwenye nguvu mpishe. Usemi huo unafahamika vyema kwa kila askari aliyewahi kusimama zamu mbele ya watu waliomzidi kwa idadi na kwa silaha. Lakini historia ya viumbe, kama ilivyo historia ya vita, inatuonyesha kwamba wamepata kuwako wenye nguvu ambao hakuna aliyethubutu kuwazuia njia, na hata hivyo leo hawapo. Hawakuangamizwa na adui. Kilichowaangamiza ni ghala tupu.

Ndugu wasomaji, leo tunapenda kuwasimulia habari za mmoja wao. Jina lake ni Livyatan, nyangumi wa kale aliyekuwa na meno makubwa kuliko ya mnyama mwingine yeyote ajulikanaye aliyeyatumia meno yake kuuma na kula. Alitawala Bahari ya Pasifiki miaka mingi mno kabla ya mwanadamu. Tumemchagua kwa sababu kisa chake kinahusu jambo ambalo ofisa na askari wa kawaida hawana budi kulitafakari: nguvu hutegemea nini, na hukoma lini.

Mifupa ya Baharini Katika Nchi Kavu

Wengi wetu tunatumika bara, mbali na pwani, na huenda hatujapata kumwona nyangumi kwa macho. Basi yafaa tukumbushane kwamba nyangumi si samaki. Ni mnyama anyonyeshaye, mwenye damu ya moto, ambaye hupanda juu ya maji ili avute pumzi. Wako nyangumi wa aina mbili. Wa kwanza hawana meno. Kinywani wana vichujio mithili ya nyuzi za ufagio, ambavyo huchujia dagaa na vijidudu vya majini. Wa pili wana meno, na katika hao mkubwa kupita wote ni yule ambaye hutoa ambari, ile manukato ghali ijulikanayo tangu zamani katika pwani yetu ya Afrika Mashariki. Katika makala haya tutamwita nyangumi wa ambari. Livyatan alikuwa wa ukoo huo.

Msomaji asishangae akisikia kuwa mifupa ya nyangumi huokotwa jangwani. Jambo hilo limetokea hata hapa jirani. Mwaka 1964, huko Loperot, magharibi ya Ziwa Turkana nchini Kenya, palipatikana fuvu la nyangumi wa aina nyingine, mwenye mdomo mrefu, aliyeishi yapata miaka milioni 17 iliyopita. Mahali hapo ni mamia ya kilomita kutoka bahari. Nyangumi yule alikuwa amepanda mto akapotea njia, na ardhi aliyofia imeinuka sana tangu siku zile. Fuvu hilo lilipelekwa Marekani likachunguzwa, kisha likapotea katika ghala kwa zaidi ya miaka thelathini, mpaka lilipoonekana tena mwaka 2011. Ndugu zetu polisi, ambao kazi yao ni kutunza vielelezo, wataelewa uzito wa jambo hilo: kielelezo kisichojulikana kilipo ni sawa na kielelezo kisichokuwapo.

Sasa tuvuke bahari mbili hadi Peru, katika Amerika ya Kusini. Kusini ya mji mkuu wa Lima liko Jangwa la Ica, nchi ya mchanga na mawe ambako mvua ni adimu mno. Zamani sehemu hiyo ilikuwa chini ya bahari. Matope yaliyotuama huko yamekuwa mawe, na ndani yake mmejaa mifupa ya nyangumi, papa, pomboo na ndege wa baharini. Mwezi Novemba 2008 kikosi cha wataalamu kutoka Ulaya na Peru kilikuwa kikipekua mahali paitwapo Cerro Colorado. Siku ya mwisho ya safari yao, mmoja wao, Klaas Post wa Uholanzi, aliona kitu kisicho cha kawaida kimechomoza ardhini. Walipochimba, walikuta sehemu kubwa ya fuvu, taya la chini na meno kadhaa. Urefu wa fuvu lile ulikuwa kama mita 3, na upana wake karibu mita 2. Mtu mzima angeweza kulala ndani yake akanyosha miguu.

Jina Lililokwisha Chukuliwa

Taarifa ya ugunduzi huo ilitolewa katikati ya mwaka 2010 na Olivier Lambert pamoja na wenzake, katika jarida la kisayansi la Nature. Walimpa nyangumi wao jina Leviathan, yaani lile joka la baharini linalotajwa katika Agano la Kale. Jina la pili, melvillei, lilikuwa heshima kwa mwandishi wa Marekani, Herman Melville, ambaye mwaka 1851 alitoa riwaya mashuhuri iitwayo Moby-Dick, juu ya nahodha aliyemwinda nyangumi mweupe kwa chuki hadi akaangamia yeye na meli yake.

Haukupita muda ikagunduliwa kuwa jina hilo lilikwisha kutumiwa na mtu mwingine katika karne ya 19, kumtaja mnyama wa kale wa jamii ya tembo. Sheria ya kimataifa ya kuwapa wanyama majina hairuhusu jenasi mbili, yaani koo mbili za wanyama, ziitwe jina moja, kama vile askari wawili wasivyoweza kuandikwa kwa namba moja ya jeshi. Aliyetangulia ndiye mwenye haki. Kwa hiyo, mwaka ule ule wa 2010, wataalamu walitangaza masahihisho na kuliandika jina kwa matamshi ya Kiebrania: Livyatan. Fuvu lenyewe limehifadhiwa Lima, katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha San Marcos, nchini mwake lilikotoka.

Ushahidi wa Meno

Mpelelezi afikapo mahali ambapo tendo limekwisha kutendeka na shahidi hayupo, husoma alama. Wachunguzi wa Livyatan nao walifanya hivyo. Mnyama amekufa zamani, nyama imeoza, na sehemu kubwa ya kiwiliwili haikuonekana. Je, wangewezaje kujua aliishi vipi?

Walianza na meno. Jino refu kuliko yote lilizidi sentimita 36, na unene wake ulikuwa kama sentimita 12. Msomaji achukue rula ya mwanafunzi ya sentimita 30 ailinganishe; jino lile laipita. Sehemu kubwa ya jino ilikuwa mzizi uliozama ndani ya taya, dalili kwamba liliumbwa listahimili mshindo mkubwa. Isitoshe, meno yalikuwapo juu na chini, yakipishana kama meno ya mtego wa chuma. Hapa ndipo penye tofauti kubwa na nyangumi wa ambari wa leo. Huyu wa leo ana meno ya kuonekana katika taya la chini tu. Chakula chake hukivuta kwa kukifyonza, wala hana haja ya kutafuna.

Kisha wakatazama mahali ambapo misuli ya taya ilijishikiza. Upande wa fuvu paliachwa shimo pana sana, na shimo pana maana yake ni msuli mnene. Pua ilikuwa fupi na pana, ambayo humwezesha mnyama kung'ang'ania windo linalopapatika bila taya kuvunjika. Alama hizo zote zikiwekwa pamoja zinatoa jibu moja: huyu hakuwa mfyonzaji wa vitu vilaini. Alikuwa mwindaji aliyeuma, akashikilia na kunyofoa.

Urefu wa mwili ulikadiriwa kwa kulinganisha fuvu na miili ya jamaa zake, ukapatikana kuwa kati ya mita 13.5 na 17.5. Kwa ukubwa huo, Livyatan alikaribiana na dume la nyangumi wa ambari wa leo. Na chakula cha mnyama kama huyo kilikuwa nini? Katika mawe yale yale ya Peru imejaa mifupa ya nyangumi wasio na meno, wengi wao wa wastani, wenye urefu wa mita 7 hadi 10. Hao ndio wanaodhaniwa kuwa posho yake. Walikuwa na mafuta mengi, walikuwa tele, na hawakuwa na silaha ya kumdhuru.

Wala hakuwa peke yake katika kazi hiyo. Katika bahari zile zile alikuwako papa mkubwa mno aitwaye megalodoni, ambaye naye aliwinda nyangumi. Majabari wawili waliishi zama moja, na bahari iliwatosha wote wawili, kwa kuwa mawindo yalikuwa mengi.

Kuhusu umri, tunaona tena mfano mzuri wa uchunguzi usioona haya kujirekebisha. Taarifa ya kwanza ilisema miaka milioni 12 hadi 13. Baadaye tabaka za mawe za Cerro Colorado zilichunguzwa upya. Humo mna jivu la volkano za kale, lenye chembe zinazobadilika polepole kwa kipimo kijulikanacho, kama saa isiyosimama. Jivu hilo likaonyesha kwamba nyangumi yule aliishi kati ya miaka milioni 8.9 na 9.9 iliyopita. Na mwaka 2016 ilitangazwa habari ya jino la sentimita 30 lililookotwa Beaumaris, karibu na mji wa Melbourne huko Australia. Jino hilo, la nyangumi wa namna ile ile, lina umri wa miaka milioni 5 hivi. Kwa hiyo utawala wa majabari hao ulidumu mamilioni ya miaka, na ulienea mbali na Peru.

Ghala Lilipohama

Sasa tunafika kwenye kiini cha habari yetu. Mnyama mwenye taya kama hilo, asiye na wa kumtisha, alikwendaje?

Hakuna dalili kwamba alishindwa vitani. Wataalamu wanayahusisha maangamizi yake na mabadiliko ya bahari yenyewe. Hali ya hewa ya dunia ilizidi kupoa. Barafu ikaongezeka katika ncha za dunia, na mikondo ya bahari pamoja na mahali pa chakula vikabadilika. Nyangumi wale wa wastani, ambao aina zao zilikuwa nyingi, walipungua. Waliobaki, katika vizazi vilivyofuata, walizidi kuwa wakubwa, na wengi wakazoea kusafiri maelfu ya kilomita wakifuata chakula katika maji ya baridi na kurudi kuzaa katika maji ya vuguvugu. Ghala lililokuwa mlangoni kwa jabari likahama.

Hapo ndipo ukubwa ulipogeuka kuwa mzigo. Mwili wa mita 15 hauwezi kuridhika na posho ya mwili wa mita 4. Meno ya sentimita 36, yaliyokuwa fahari yake siku za neema, hayafai kuokotea vitu vidogo. Silaha yake iliundwa kwa ajili ya windo la namna moja, na windo hilo lilipoadimika, silaha haikuwa na kazi nyingine. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Megalodoni naye, mshindani wake, alitoweka yapata miaka milioni 3.6 iliyopita.

Askari yeyote aliyepata kukaa kituo cha mbali anajua maana ya jambo hili bila ya kuelezwa. Kikosi chaweza kuwa na mizinga mizito kuliko vikosi vyote vya jirani. Lakini ikiwa posho yake na risasi zake hupitia barabara moja, na daraja la barabara hiyo likachukuliwa na mafuriko, basi mizinga hiyo ni chuma tu. Kituo cha polisi chaweza kuwa na gari lenye nguvu. Lakini ikiwa askari wake wamesahau kufanya doria kwa miguu, siku petroli ikikosekana mhalifu hutembea atakavyo. Aliyezoea njia moja hushindwa siku njia hiyo inapofungwa.

Ndugu Aliyebaki

Katika ukoo huo huo yuko aliyesalimika. Nyangumi wa ambari wa leo hakushindania chakula cha juu. Yeye alijifunza kushuka. Huzama mita 1,000 au zaidi, mahali pasipofika mwanga wa jua, na aweza kukaa huko kwa muda unaokaribia saa nzima kabla ya kurudi kupumua. Huko chini hutafuta ngisi kwa sauti: hutoa mlio wa kugonga kutoka katika kichwa chake kikubwa kilichojaa mafuta, akasikiliza mwangwi, akajua windo liko wapi. Meno yake ni hafifu kuliko ya Livyatan. Lakini ghala lake liko mahali ambapo wachache wanaweza kufika.

Tena haishi kila mmoja kivyake. Majike na watoto hukaa kwa makundi na kulindana. Wakishambuliwa, hujipanga duara: vichwa ndani, mikia yenye nguvu nje, na wachanga katikati. Ni ulinzi wa pande zote ambao kila kuruta anaufahamu.

Adui anayewalazimisha kujipanga hivyo ni orka, mnyama wa jamii ya pomboo, mweusi na mweupe, ambaye kwa kawaida hazidi mita 9. Huyu ndiye aliyerithi kazi ya Livyatan ya kuwinda nyangumi, ingawa umbo lake ni dogo zaidi. Nguvu yake ni kikosi. Mwezi Oktoba 1997, mbali na pwani ya California nchini Marekani, wachunguzi walishuhudia orka wapatao 35 wakilishambulia kundi la nyangumi wa ambari tisa. Orka walikwenda kwa zamu, wachache wachache; walijeruhi, wakarudi nyuma, na wengine wakashika nafasi. Nyangumi walishika duara lao. Alipovutwa mmoja wao nje, mwenzake mmoja au wawili walitoka katika mstari wakamrudisha, ijapokuwa kwa kutoka hivyo walijiweka wenyewe hatarini. Siku hiyo nyangumi walipata hasara kubwa. Mmoja aliuawa mbele ya macho ya watazamaji, na wengine waliachwa na majeraha mabaya. Tunalitaja tukio hilo kwa sababu linaonyesha tabia ambayo jeshi lolote hujivunia: hakuna anayeachwa uwanjani bila kujaribiwa kuokolewa.

Na orka hali kitu kimoja. Yako makundi yanayoishi kwa samaki, mengine kwa sili, na mengine huwinda nyangumi wakubwa. Mwaka 2019, karibu na pwani ya Australia, kundi la orka lilimwua hata nyangumi wa buluu, mnyama mkubwa kuliko wote duniani. Windo la namna moja likiadimika, ukoo mzima hauzimiki.

Hatari Iliyotoka Nchi Kavu

Lakini ndugu huyu aliyesalimika alikaribia kumalizwa na kiumbe ambaye hana meno ya kutisha wala hawezi kuzama mita 1,000. Kiumbe huyo ni mwanadamu.

Kwa karne nyingi watu wa pwani yetu hawakumwua nyangumi ili wapate ambari, waliiokota ufukoni. Mwandishi wa Kiarabu, al-Masudi, katika karne ya 10 alikwisha kuisifu ambari ya nchi ya Zanji, yaani pwani hii ya Afrika Mashariki. Baadaye wakaja wawindaji kutoka mbali waliotaka mafuta ya kichwani, kwa mishumaa na kulainishia mitambo. Mara moja moja nyangumi alijibu. Tarehe 20 Novemba 1820, katika Pasifiki, nyangumi wa ambari aliigonga mara mbili meli ya Marekani iitwayo Essex akaizamisha. Kati ya mabaharia 20 walioingia katika mashua, 8 tu waliokoka. Kisa hicho ni mojawapo ya vilivyompa Melville habari ya riwaya yake.

Lakini mshindi alikuwa mwanadamu, hasa alipopata meli za injini na mizinga ya kurushia mikuki. Katika karne ya 20 peke yake waliuawa nyangumi wa ambari zaidi ya 700,000. Hatimaye mataifa yalishtuka. Mwaka 1979, kwa pendekezo la Shelisheli, nchi ndogo ya visiwa katika bahari yetu hii, Tume ya Kimataifa ya Nyangumi iliitangaza Bahari ya Hindi kuwa hifadhi ambamo uwindaji wa kibiashara umekatazwa. Mwaka 1982 Tume hiyo ikaamua uwindaji wa biashara usimamishwe katika bahari zote, na uamuzi huo ukaanza kutekelezwa mwaka 1986, ingawa yapo mataifa machache yasiyouzingatia.

Sheria iliyoandikwa hailindi kitu mpaka pawepo mtu wa kuisimamia. Anayesimama forodhani, anayeendesha boti ya doria na anayepekua shehena usiku wa manane ni askari na polisi. Kama vile pembe ya ndovu isivyolindwa kwa maneno matupu, ndivyo ilivyo kwa viumbe wa baharini. Livyatan alitoweka kwa mabadiliko ambayo hakuna aliyeweza kuyazuia. Nduguye akitoweka, itakuwa ni kwa sababu waliokabidhiwa ulinzi walilala zamu.

Ndugu wasomaji, mla ni mla leo, mla jana kala nini? Fuvu lililoko Lima ni la mla jana. Meno yake bado yanatisha, na watoto wa shule hupelekwa kuyatazama. Walakini hayakumfaa siku bahari ilipobadilika. Basi kila mmoja wetu, mwenye cheo kikubwa na asiye na cheo, na ajiulize katika kituo chake: posho yetu hupitia njia ngapi? Tunajua kazi ngapi zaidi ya ile tuliyoizoea? Na mwenzetu akivutwa nje ya mstari, nani atatoka kumrudisha? Kikosi chenye majibu ya maswali hayo kina nguvu ya kweli, hata kama silaha zake si kubwa kuliko za wengine.